Sifuri kwa Kumi na Nne

"Nimekaa tu! Nimekaa, basi! Kwani kukaa ni—"

"Sita bila, dada! Tulikuwa tunaongoza sita bila mpaka makalio yako—"

"Acha makalio yangu! Makalio yangu hayarushi—"

"—yalipogusa kile kiti! Yalipogusa tu! Mpira wa kwanza, puu, umevuka uzio. Wa pili, puu—"

"Kwani mrushaji wenu ni mimi? Mimi ndiye niliyekuwa narusha mpira kama narushia kuku mtama?"

"Ungekaa nyumbani!"

"Na wewe ungepiga ngoma vizuri!"

Watu elfu kumi na mbili walikuwa wanashuka ngazi za uwanja wa Pohang, nyuso zimenuna, wakiwapita hawa wawili kushoto na kulia. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Aprili, mechi ya kufungua msimu wa besiboli, na Pweza wa Pohang, timu ya nyumbani, walikuwa wametoka kuchapwa saba kwa sita na Korongo wa Seoul. Kijana alivaa jezi ya zambarau yenye mikono minane imechorwa tumboni, nywele kazifunga kwa kitambaa, vijiti viwili vya ngoma kavibana kwapani. Nyuma yake kulikuwa na ngoma kubwa kama pipa la maji, imekaa kwenye kigari. Dada aliyekuwa anagombana naye alivaa koti la kiwanda cha chuma na buti nzito, na kwenye paji la uso wake kofia ya kazi ilikuwa imeacha mstari mwekundu. Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, akaingia uwanjani raundi ya saba.

"Umesema nini kuhusu ngoma yangu?" kijana aliuliza, sauti chini sasa.

"Nimesema raundi ya nane ulikuwa unakimbia. Mwanzo ulikuwa unapiga pam, pam, pa-pa-pam, umetulia. Mambo yalipoharibika ukaanza papapapapam, kama mtu anayegonga mlango wa choo na ndani kuna mtu."

Kijana alimtazama. Miaka minne alikuwa anapiga ngoma ya mashabiki wa Pweza na hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Mbaya zaidi, ilikuwa kweli.

"Umekula?" akauliza.

"Sijala."

Akamnunulia samaki wa kusagwa, wale wanaotungwa kwenye kijiti na kuchemshwa, wakasimama kwenye mvuke wa lile sufuria wakila, wanapuliza, wanaunguzana ndimi.

"Unafanya kazi gani?"

"Naendesha winchi. Kule kwenye tanuru. Nabeba sufuria la chuma kilichoyeyuka, tani mia tatu, nalipitisha juu ya vichwa vya watu. Miaka tisa sijamwaga hata tone. Halafu mtu mwenye pweza tumboni ananiambia mimi nina mkosi."

"Umezaliwa mwaka gani?"

"Swali gani hilo?"

"La adabu. Nijue nakuitaje."

Alipomwambia, ikaonekana amemzidi miaka miwili. "Basi sikukosea kukuita dada," kijana alisema.

"Uliniita kabla hujajua."

"Uso wako una mamlaka."

Yeye aliitwa Pyo Gi-chan. Dada aliitwa Mok Eun-sol. Wakati wa kuagana Gi-chan akatoa simu. "Nipe namba yako."

"Ya nini?"

"Ukiwa unakuja uwanjani uniambie mapema, niwaandae wachezaji kisaikolojia."

Alimpa. Hata hajafika kwenye maegesho, simu ikaita.

"Dada, ni mimi. Nilikuwa naangalia kama namba inafanya kazi."

"Inafanya."

"Basi kesho nitaangalia tena."

Msimu wa besiboli ni mrefu. Mechi mia moja arobaini na nne, na mapumziko ni Jumatatu peke yake. Ndiyo maana Gi-chan na Eun-sol walipendana Jumatatu Jumatatu. Siku nyingine walipendana kwa simu, yeye akiwa kwenye basi la timu kuelekea Daegu au Gwangju, na Eun-sol akiwa chumba cha kubadilishia nguo, buti moja mguuni na nyingine mkononi.

Zamu ikimruhusu, alikwenda uwanjani. Kila alipokwenda, Pweza walifungwa. Mei walifungwa tisa kwa mbili. Wakafungwa nne kwa tatu. Wakafungwa kumi na moja bila, mechi ambayo hata muuza kuku wa kukaanga alifunga meza raundi ya sita akaenda kumsaidia mkewe. Juni walikuwa wamebakiza mpira mmoja tu washinde, mpira wenyewe umepanda juu mlaini, mtoto angeudaka, na mlinzi wao hodari kuliko wote akapigwa na jua machoni, mpira ukamdondokea mgongoni.

Mjini Pohang mambo haya hayachukuliwi hivihivi. Kila shabiki ana programu kwenye simu inayoandika mechi alizohudhuria: umekuja mara ngapi, tumeshinda mara ngapi. Mwenye ushindi mwingi wanamwita malaika wa ushindi, wanamnunulia bia, wanamwomba asiugue. Mwenye vipigo vingi wanamwita malaika wa kipigo. Huyu naye hanyimwi upendo, ila watu wanapenda zaidi akiwa na shughuli kwingine.

Eun-sol alikuwa sifuri kwa saba, kisha sifuri kwa tisa. Mwenyekiti Heo, kinyozi mstaafu aliyeongoza chama cha mashabiki na kukaa mstari wa kwanza tangu uwanja una vumbi, alikuwa akimwona tu anapiga kelele: "Jamani! Dada Winchi kafika! Wenye watoto wadogo waanze kuondoka!"

"Na mimi nakupenda, Mwenyekiti," Eun-sol alikuwa akijibu, anakaa kiti namba saba, hatua nne kutoka kwenye ngoma.

Mama yake Gi-chan alikuwa na kibanda cha pweza soko la Jukdo, na vyumba viwili vya juu yake ndimo yeye na mwanawe walimoishi. Eun-sol alipelekwa huko mara ya kwanza mwishoni mwa Juni. Alivaa gauni la kijani kibichi, viatu vyepesi, nywele kaziachia, na njiani Gi-chan aligonga nguzo mara mbili kwa kumwangalia. Mama alikuwa na aproni ya mpira na kisu. Akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

"Tumefungwa mara ngapi?"

"Kumi," Eun-sol alijibu mwenyewe.

Mama akamtengenezea bakuli la samaki mbichi kwenye mchuzi wa pilipili na barafu, bakuli kubwa ambalo mtu hampi adui, akasimama kuhakikisha amelimaliza. Lakini Eun-sol alipokuwa anatoka, alisikia vitu vidogo vidogo vinamgonga kwenye visigino. Akageuka. Mama alikuwa anarusha chumvi mlangoni, kama watu wanavyofukuza mkosi.

"Anafanya nini?" alimnong'oneza Gi-chan.

"Anasafisha sakafu."

"Kwa chumvi?"

"Ni sakafu ya samaki, dada. Twende."

Julai ilikuja mvua. Raundi ya nne Pweza wanaongoza tatu bila, na Eun-sol yupo kitini, na mwamuzi akasimamisha mechi. Watu walikimbilia chini ya paa. Gi-chan hakuweza kuiacha ngoma, ngozi yake ingeharibika, kwa hiyo alivuta turubai akaifunika, na Eun-sol akaingia chini ya turubai kumsaidia kushika upande wa pili. Giza, joto, harufu ya mpira na ya shati bichi. Mvua ilikuwa inaipiga ngoma yenyewe juu ya turubai.

"Eun-sol," Gi-chan alisema.

"Dada imeenda wapi?"

"Imestaafu."

Mechi ile ilifutwa. Kwenye vitabu vya ligi haipo. Lakini ukimuuliza Eun-sol atakwambia ndiyo mechi bora ya msimu, na kwamba kipaza sauti kilitangaza mara tatu watu waondoke kabla wao hawajasikia.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu, na kilikaa mezani kwa kaka yake Eun-sol. Agosti walialikwa kula nyama ya kuchoma, na kaka mtu, ambaye ni mtu wa benki na tai yake hailegei hata Jumapili, alimuuliza Gi-chan, huku anageuza nyama: "Sasa hii ngoma, ni kazi au ni ugonjwa?"

Gi-chan alicheka. Alicheka mno. Eun-sol akamkanyaga kaka yake chini ya meza kwa nguvu zote, kumbe amekanyaga mguu wa Gi-chan.

Septemba tarehe kumi na mbili Pweza walifungwa tano kwa nne, na Eun-sol akawa sifuri kwa kumi na nne. Baada ya mechi walikaa ufukweni Yeongildae, ng'ambo ya ghuba moshi wa kiwanda unapanda mweupe. Gi-chan alikuwa anachora mchanga kwa kijiti cha ngoma.

"Wale wanaotuajiri sisi wa kushangilia wametuita leo," alisema. "Timu isipoingia tano bora, hawaongezi mkataba. Wanaleta kikundi kipya, na ngoma ya umeme."

"Ngoma ya umeme?"

"Unabonyeza, inalia yenyewe. Haikimbii raundi ya nane."

"Na wewe?"

"Nitatafuta timu nyingine. Kazi hii haipo Pohang kwingine, Eun-sol. Itakuwa mbali."

"Tuko nafasi ya ngapi?"

"Ya nane. Zimebaki mechi kumi na tano." Akamrushia tabasamu. "Usijali. Wewe njoo tu. Nikikuona pale namba saba, mikono yangu inatulia."

Eun-sol hakusikia maneno ya mwisho. Alikuwa anapiga hesabu. Kazini kwake mtu haamini bahati, anaamini uzito, urefu wa kamba, na kasi. Na hesabu ilikuwa wazi: sifuri kwa kumi na nne. Winchi ikiangusha mzigo mara kumi na nne mfululizo, je, utaipa wa kumi na tano?

Hakumwambia. Ungemwambiaje mpenzi wako kwamba umeamua kumwokoa kwa kutokwenda kumwona? Angecheka, angemkataza, na yeye angekwenda, na wangefungwa.

Mechi iliyofuata alimpigia simu. "Jino linaniuma."

Pweza walishinda nane kwa moja.

Iliyofuata alisema ana zamu ya ziada. Walishinda. Iliyofuata, harusi ya binamu. Walishinda, na mpigaji ambaye hakuwa amevusha mpira kwenye uzio tangu Mei alivusha miwili. Mji ukaanza kuchanganyikiwa. Madereva wa teksi walipiga honi wakikutana. Mama Gi-chan alibandika msimamo wa ligi kwenye tangi la pweza.

"Jino jingine?" Gi-chan aliuliza kwenye simu wiki ya pili. "Una meno mabovu mangapi, mpenzi? Mimi nimeyapitia yote kwa ukaribu, yako mazima."

"La nyuma kabisa. Huko hujafika."

"Nipe ramani."

Eun-sol alicheka, akakata simu. Jumatatu nazo alianza kuzikwepa, maana uso wake haujui kudanganya. Pweza walikuwa wanapanda: nafasi ya saba, ya sita. Kwa Gi-chan jambo lilikuwa jingine kabisa. Timu yake ilikuwa inashinda kila siku, na mpenzi wake ndiye aliyekuwa anapotea. Akamkumbuka kaka mtu, na ile nyama.

Mpaka siku ya mwisho walikuwa wameshinda kumi kati ya kumi na nne. Msimu mzima, ushindi sabini na moja kwa vipigo sabini na moja, na sare moja. Korongo wa Seoul nao walikuwa hivyohivyo, na mechi ya mwisho ilikuwa Pweza na Korongo, Pohang, Jumapili saa nane mchana. Atakayeshinda anaingia tano bora, atakayefungwa anakwenda nyumbani.

"Jumapili utakuja," Gi-chan alisema kwenye simu. Hakuuliza. "Nimekuwekea namba saba. Nimeweka koti juu yake, hata Mwenyekiti nimemfukuza."

"Gi-chan, Jumapili msimamizi wangu—"

"Eun-sol. Njoo."

"Nitajaribu."

Jumapili aliomba ruhusa kazini, akazima simu, akaanza kutafuta mahali pasipo na besiboli, kwa sababu aliogopa hata kusikia kungehesabiwa. Teksi ilikuwa na redio, akashuka. Kwenye bafu la wanawake vikongwe watano walikuwa uchi wa mnyama mbele ya televisheni ndogo, wanapigana vikumbo. Akatoka na nywele zimelowa. Akapanda basi mpaka hekalu la Oeo, kule milimani kwenye bwawa, akaketi kwenye ubao wa baridi mbele ya Buddha. Kimya. Majani yanaanguka. Akafumba macho. Kidogo akamsikia mtawa aliye pembeni yake anapumua kwa nguvu, akamwangalia. Mtawa alikuwa na waya mweupe unaotoka sikioni unaingia kwenye joho.

"Usiniambie," Eun-sol alisema, akaziba masikio yake mawili.

"Sijasema kitu, mama," mtawa alijibu, uso umemsawijika.

Aliporudi mjini jua lilikuwa bado liko juu, na hakuna honi iliyolia. Hapo akajua. Wamefungwa tatu kwa mbili. Sabini na moja kwa sabini na mbili, nafasi ya sita. Alipowasha simu ilikuwa na miito tisa, kisha ukaja wa kumi.

"Ulikuwa wapi?" Sauti ya Gi-chan ilikuwa imekauka kwa kushangilia.

"Hekaluni."

"Hekaluni. Nimekutana na msimamizi wako uwanjani, amevaa jezi. Anasema umechukua ruhusa leo. Anasema na zile zamu za ziada hazijui."

"Gi-chan, nisikilize—"

"Na jino?"

Angesema nini? Kwamba mtu mzima wa miaka thelathini na tatu, anayebeba tani mia tatu kwa hesabu, amekimbia mji mzima ili asiwatie watu mkosi, na wamefungwa hata hivyo?

"Kama kaka yako amekushauri, ungeniambia tu," Gi-chan alisema. "Mimi si mtu wa kulia. Ningepiga ngoma."

"Kaka yangu hahusiki!"

"Basi nani?"

"Hakuna!"

"Sawa. Hakuna." Akakata.

Eun-sol alipiga mara mbili, hakupokelewa. Kesho yake Gi-chan alipiga mara moja, Eun-sol alikuwa juu kwenye winchi, na alipoiona baadaye akasema moyoni kama ana shida atapiga tena. Hakupiga tena. Basi wote wawili wakakaa na viburi vyao, wiki nne, mpaka Novemba.

Jumapili ya kwanza ya Novemba ndiyo siku chama cha mashabiki hufunga msimu. Hukutana mchana kwenye kibanda cha Mama Gi-chan, na Mwenyekiti Heo husoma daftari lake, mechi zote mia moja arobaini na nne, moja moja, kuanzia Aprili. Kipigo, kila mtu anapiga funda la soju, pombe kali ya huko. Ushindi, kila mtu anakula tonge la gwamegi, samaki wa kuanikwa nusu kwenye upepo wa baridi, aliyefungwa ndani ya mwani na kitunguu saumu. Ukifika Agosti hujui unalia kwa sababu ya kitunguu au ya timu. Na mwenye rekodi mbaya kuliko wote msimu huo huitwa mbele, akavikwa taji la plastiki.

"Lazima uje," Mwenyekiti alimpigia Eun-sol. "Sifuri kwa kumi na nne haijawahi kutokea. Ni heshima ya mji."

Alikwenda. Alijiambia anakwenda kwa heshima ya Mwenyekiti. Lakini mtu anayekwenda kwa heshima ya kinyozi mstaafu havai koti jipya la rangi ya kahawia wala hapaki wanja mara tatu. Gi-chan alikuwa kona ya ndani, sweta la bluu, amekonda. Waliinamiana vichwa kama watu wa ofisi mbili tofauti. Mama Gi-chan alimwekea Eun-sol sahani bila kumwangalia.

Mwenyekiti akavaa miwani. "Aprili. Korongo, nyumbani. Sita kwa saba."

"Winchi!" meza nzima ikaitika, watu wakanywa.

Ikaenda hivyo. Kila kipigo alichohudhuria, "Winchi!" Mei mara nne. Ile ya kumi na moja bila, Mwenyekiti alisimama kwa ukimya wa dakika moja. Julai, mechi ya mvua aliiruka, na Eun-sol akajikuta anatazama kona ya ndani. Gi-chan alikuwa anatazama huku. Wote wakakimbilia kitunguu saumu.

"Septemba tarehe kumi na mbili. Nne kwa tano."

"Winchi!"

"Kumi na tatu. Nane kwa moja."

Watu wakala.

"Kumi na nne, ushindi. Kumi na sita, ushindi. Kumi na saba..." Mwenyekiti akasita, akashusha miwani puani. "Ngoja kwanza. Dada Winchi, hukuja tena? Mechi kumi na tano, saba hapahapa nyumbani, hata moja?"

"Nilikuwa na meno," Eun-sol alisema.

"Meno gani?" Ilikuwa sauti ya Gi-chan. Neno lake la kwanza kwake tangu Oktoba. Alikuwa amesimama, tonge mkononi. "Tarehe kumi na mbili ndiyo siku niliyokuambia habari ya mkataba. Pale ufukweni."

"Sikumbuki."

"Unakumbuka. Eun-sol, usiniambie kwamba—"

"Sikuambii!"

"—ulikaa nyumbani ili tushinde?"

"Tulishinda!" Ilimtoka kwa nguvu mpaka pweza wakajikunja kwenye tangi. "Kumi kati ya kumi na nne! Mpaka yule asiyeweza kupiga akapiga! Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungekuja, ukae, uniue?"

"Ulisema jino!"

"Ningesema nini? Kwamba naamini makalio yangu?"

Mtu mmoja alicheka, akapigwa kiwiko.

"Na ile siku ya mwisho?"

"Nilikuwa hekaluni kweli. Hata mtawa alikuwa na redio, Gi-chan. Mji huu hauna pa kukimbilia."

Gi-chan alikaa chini polepole. Akaweka tonge kwenye sahani. "Raundi ya sita," alisema, anaongea na meza, "tuko mbili kwa mbili, watu wetu wawili wako njiani, pigo moja tu waingize alama. Nikaangalia namba saba. Koti langu tu. Mikono ikasimama. Miaka minne haijawahi kusimama. Ngoma ikanyamaza, mpigaji wetu akageuza shingo kuangalia imekwenda wapi, na mpira ukampita. Nilidhani umeniacha."

"Kwa hiyo," Mwenyekiti Heo alisema taratibu, akichukua kalamu, "hata asipokuja, tunafungwa kwa ajili yake." Akafuta, akaandika. "Sifuri kwa kumi na tano."

Meza ililipuka. Katikati ya kicheko kile Gi-chan alikuwa amevuka watu sita na sufuria moja, akapiga goti mbele ya Eun-sol, akamshika mikono iliyonuka samaki.

"Mjinga wewe," alimwambia.

"Mjinga ni wewe. Ulipiga simu mara moja tu."

"Ungepokea!"

"Nilikuwa na tani mia tatu mkononi!"

"Nisamehe."

"Nisamehe na mimi. Simama, unaloa."

Alisimama, lakini mikono hakuiachia. Uso ukambadilika. "Kuna jambo hujui. Nimepata kazi. Kuanzia Februari. Korongo."

Hapo zomeazomea iliyopigwa soko zima lilisikia. Msaliti! Rudisha jezi! Mwenyekiti alitangaza amemvua Eun-sol lile taji la plastiki kwa kosa la mpenzi wake, ingawa lilikuwa bado kwenye boksi.

"Seoul," Eun-sol alisema.

"Seoul. Twende wote."

"Seoul hakuna tanuru, Gi-chan. Nitabeba nini kule, vikombe vya kahawa?"

"Basi siendi."

"Utaenda. Ukae hapa ufanye nini, ubonyeze ngoma ya umeme? Utaenda, utapiga, na usikimbie raundi ya nane."

"Jumatatu nitakuwa narudi. Kila Jumatatu, treni ya kwanza."

"Mwezi wa kwanza," alisema mtu wa meza ya nyuma, ambaye mke wake yuko Seoul. "Halafu kila baada ya wiki mbili. Halafu sikukuu."

Hakuna aliyembishia. Eun-sol naye alikuwa anajua hesabu hiyo. Alikuwa ameipiga palepale, kwa kilomita na kwa Jumatatu, na haikuwa nzuri.

Mama Gi-chan alikuwa anafuta ubao wa kukatia kwa nguvu, uso kaelekeza kwenye ubao. "Aende tu," alisema. "Mtu mzima. Chumba chake nitatia friza. Nina shida ya pa kuweka friza siku nyingi."

"Mama!" Gi-chan alisema.

"Nini? Kikae kitupu nikiangalie?"

Eun-sol akatoa mikono yake kwenye ya Gi-chan. Akaifuta kwenye koti jipya, bila kujali. Akazunguka tangi la pweza mpaka upande wa ndani, ambako wateja hawaingii, akasimama mbele ya mama, akainamisha kichwa chini kabisa kama watu wanavyowasalimu wazazi mwaka mpya. Mama akarudi nyuma hatua moja na kisu chake. Mwenyekiti akaacha kuandika.

"Mama," Eun-sol alisema, "friza tutaitafutia pengine. Kile chumba, naomba nihamie mimi."